Saa Moja na Dakika Ishirini

Kwanza niliwalaumu wenye mtandao, kama kila mtu.
Nikapiga simu Riga, nikasikilizishwa kinanda
dakika arobaini, mpaka sauti changa ikaniuliza:
"Mama, umejaribu kuizima na kuiwasha?"
Nimezima mengi katika umri huu, mwanangu.
Nimezima hata ndoa.
Hii haikuwaka.

Daugavpils, ghorofa ya nne, Januari.
Mezani jikoni kipakatishi, mkataba wa mbao
kurasa sitini, wa kutafsiriwa kabla ya Ijumaa,
na kile kiduara kinachozunguka, kinazunguka,
kama mtu aliyepoteza funguo uani.

Binti yangu Madara, aliye Cork,
hukatika katikati ya neno.
"Mama, mim—" aliniambia Novemba,
uso ukaganda, mdomo wazi.
Dakika tatu nzima nilikuwa bibi.
Kisha akarudi: "—mimi na Oskars tunahama nyumba."

Kikulacho ki nguoni mwako.
Nikaipindua mashine, nikatwaa bisibisi ya miwani,
skrubu kumi nikazipanga kwenye sahani ya chai
kama zilivyotoka.
Ndani: vumbi, unywele wa paka aliyekufa mwaka juzi,
na waya mweupe, mwembamba kama tambi,
umechomoka kwenye kadi yake, umelala tu.
Yule fundi wa sokoni aliyebadilisha bawaba
alichukua euro thelathini, akauacha umelala.
Nikaubonyeza kwa ukucha. Tik.
Nikaikataza na kadi kusinzia eti inabana umeme:
humu hakuna anayelala kabla yangu.

Asubuhi mtandao ulitiririka. Mchana pia. Nikatamba.
Jioni, saa moja na dakika ishirini, ukafa.
Dakika mbili na nusu, ukafufuka.
Kesho yake vilevile.
Nikaanza kuandika nyuma ya kalenda:
Jumatatu, moja na ishirini.
Jumanne, moja na ishirini na moja.
Jumapili, mara mbili.

Jumapili ndiyo iliyomfichua mchawi.
Nilifungua mlango kwenda kumwaga taka,
ngazi nzima inanuka kabichi iliyopashwa moto.
Chini yangu, jiko chini ya jiko, anaishi Vitolds,
aliyekuwa akiunga mabehewa ya treni,
aliyemzika Skaidrite wakati majani yakipukutika.
Mikrowevu yake ni kuukuu, mlango umeshikwa kwa utepe;
inavuja mawimbi ya jamii moja na ya ruta yangu,
na kila apashapo sahani yake moja
mimi huku juu hupotewa na dunia.
Jumapili hula supu, kisha kitu kingine.

Dawa ilikuwa nyepesi. Ruta ina njia mbili;
nikaiacha ya gigahezi mbili nukta nne,
yenye msongamano, nikapanda ya tano.
Nywila nilikosea mara nne. Ya tano ikakubali.
Moja na ishirini ikapita kama dakika yoyote.
Madara alicheka hadi mwisho wa kicheko.

Wiki mbili sijakatika.
Mkataba umekwenda, pesa zimeingia.
Lakini ifikapo moja na ishirini vidole huacha kuandika,
nami huisikiliza sakafu kama punguani:
amekula? hajala?
Mtandao haunijibu tena. Ni mzima mno.

Jana niliirudia ile njia mbovu.
Moja na ishirini: shwari.
Moja na nusu: shwari.
Saa mbili kasorobo, kiduara hakijazunguka hata mara moja,
nikabeba sufuria ya viazi,
nikashuka na ndara zangu za sufi, ngazi kumi na sita,
nikigonga mlango kabla sijafika mlangoni.

Alifungua, bisibisi mkononi, ndevu za siku tatu.
"Mikrowevu imekufa," alisema.
"Nasikia wewe hufungua mashine."

Lete sahani tatu, nikamwambia.
Moja ni ya skrubu.